Draya, uzi wa meno na herufi 11

Demio yangu nyekundu, gari dogo la Mazda, niliinunua Februari 2021 kwenye yadi moja ya kuuzia magari ya Ngong Road, na kwa karibu miaka mitatu niliizungusha Nairobi nzima ikiwa na jina la watu wengine mgongoni. Herufi 11 za stika, rangi ya fedha, kila moja ndefu kama kidole changu cha kati. Chini yake namba ya simu. Pembeni, kidude cha plastiki kinachong'aa chenye nembo yao. Hapo sijataja stika ya kioo cha nyuma wala fremu za namba za usajili, maana huko nako walijiandika.

Mwanzoni wala haikunisumbua. Lilikuwa gari langu la kwanza. Hata wangeliandika "Inauzwa" ningeliendesha hivyo hivyo na kupiga honi. Kilichonigeuza ni logibuku, ile hati ya kuonyesha mwenye gari. Siku ya kulipa niliambiwa wiki tatu. Ukapita mwezi, ikapita minne, na kila nikipiga simu mwenye faili ametoka kidogo. Ilipotimia miezi saba ndipo gari likaingia kwa jina langu. Sasa niambie: umekwama kwenye foleni ya Jogoo Road, keki ya harusi iko kiti cha nyuma inatoka jasho, halafu kwenye kioo unamwona dereva wa nyuma akipiga picha buti yako ili apate namba ya watu ambao simu zako wewe hawazishiki. Nilikuwa bango lao, na petroli najinunulia.

Nilikuwa nimewaomba wazitoe siku ile ile ya kuchukua gari. Kijana aliyenipa ufunguo alicheka. "Madam, hizo ukiosha mara tatu zinatoka zenyewe." Hilo gari limeoshwa mara mia. Kama hujalipa bado, sema mapema kwamba hutaki maandishi, na usitoe pesa mpaka uione buti iko tupu. Ukishalipa, watakusikiliza kama walivyonisikiliza mimi.

Julai ya mwaka huo, hasira zikiwa zimenifika hapa, nilisimama kwa vijana wa kuosha magari karibu na kwetu Donholm. Ilikuwa asubuhi ya ile baridi ya Nairobi ambayo mtu anakunywa chai amevaa glavu. Nikamwonyesha mmoja zile herufi. Akaleta petroli kwenye chupa ya soda, akavunja wembe katikati. "Dakika tano tu, mathe." Akamwagia, akangoja kidogo, akaingiza wembe chini ya herufi ya kwanza na kuibinua.

Herufi ilitoka. Ilitoka pamoja na kipande cha rangi, kikubwa kama punje ya hindi, na chini yake pakawa pa kijivu. Nilipiga kelele hadi mwenye kibanda cha chapati akatoka nje. Kijana akakitazama kile kidonda, akanitazama mimi, akasema rangi ilikuwa imechoka. Sikumlipa. Nikaondoka na herufi 9 na nusu, kwa sababu wembe ulikuwa umeanza kuila ya pili.

Nyumbani nilikiziba kile kidonda kwa rangi ya kucha, nyekundu, nikapaka mara mbili. Ukiwa mbali hujui. Na kwa muda wote uliofuata kila aliyeniuliza nilimsimulia kijana aliyeniharibia gari. Simulizi hiyo niliipenda sana, hadi mjomba alipokuja.

Mjomba anakaa Kaloleni. Alipiga magari rangi zaidi ya miaka 30 kwenye gereji za Industrial Area, na kifua chake kinakwambia hivyo kabla hajakwambia mwenyewe. Alikuja Jumapili moja ya Januari 2024 kula kwetu. Nilitoka kumpokea, shikamoo mjomba, marahaba, lakini macho yake yalikuwa kwenye buti.

"Nani amempaka gari kucha?"

Nikamweleza habari ya kijana na wembe. Hakusema kitu. Akainama mpaka shavu likakaribia bati, akatazama rangi kwa upande kama mtu anayechungulia chini ya mlango. Halafu akaniomba sumaku. Sumaku niliyonayo ni ya kwenye friji, nanasi la plastiki. Akaifunga kwenye ncha ya leso ili isikwaruze, akaigusisha kwenye mlango wa dereva: ikang'ang'ania. Mlango wa nyuma, ikang'ang'ania. Akaja kwenye buti, akaitembeza kutoka kushoto, ikashika, ikashika, na ilipofika upande wa kulia, pale pale palipotoka ile punje, nanasi likateleza likaanguka.

"Hapa ni pati, ile ya kujazia bati lililobonyea," akasema. "Niletee makaratasi ya gari."

Kwenye faili kulikuwa na karatasi moja ya Kijapani niliyoichukulia kama pambo. Kumbe ni karatasi ya mnada wa kule Japani, na chini pana mchoro wa gari lililofunuliwa kama sanduku la kadibodi, limeandikwa herufi ndogo ndogo. Mjomba hajui Kijapani, lakini hizo herufi anazisoma kama kalenda: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi upya. Kwenye buti ya mchoro wangu ilikuwepo W na 2 pembeni yake. Karatasi hiyo ilikuwa kabatini tangu siku ya kwanza. Yadi hawakunitajia, na mimi sikuuliza.

Tulipokuwa tunakula akanieleza, na akachagua maneno kwa sababu anajua kazi yangu ni kuoka. Kiwandani, akasema, gari linaingia kwenye oveni na rangi yake inaokwa kwa nyuzi 140 hivi, bati tupu, kabla halijawekwa mpira wala kiti. Gereji hawawezi kuoka gari zima hivyo, plastiki zingeyeyuka. Rangi ya gereji hukauka kwa dawa iliyochanganywa nayo na joto dogo, na hapo kwangu ilikuwa imekaa juu ya pati. Fundi akiwa hodari itakaa miaka. Akiwa na haraka, itakaa hadi mtu aivute.

"Ukivuta stika, kuna kitu lazima kiachie," akasema. "Kuna stika, kuna gundi, kuna rangi, kuna pati. Kitaachia kile kilicho dhaifu. Yule kijana alikuja na baridi, gundi imekuwa jiwe. Basi dhaifu ikawa rangi yako. Kazi yako wewe ni kuifanya gundi iwe dhaifu kuliko wote, halafu ndio uvute."

Kwa hiyo nusu ya kosa ilikuwa ya yule kijana, robo ya fundi asiyejulikana huko Japani, na robo yangu niliyechagua asubuhi ya Julai. Nilimeza wali bila kujibu.

Jumamosi iliyofuata alirudi, akaketi kwenye kigoda na kikombe cha chai, akaniachia kazi nifanye mwenyewe. Nilikuwa nimepanga kuazima ile mashine ya fundi inayopuliza hewa ya moto, akanikataza: zile hufika nyuzi 500 na zaidi, na ukizubaa sekunde chache rangi inatoka malengelenge. Akasema nitafute draya ya nywele. Mama Njeri wa saluni ya chini akaniazima yake kwa masharti ya kuirudisha kabla ya saa nane, kuna bibi harusi. Tukashusha waya wa umeme kutoka dirishani kwangu, ghorofa ya kwanza. Gari nilikuwa nimeliosha na kulikausha kabisa, maana chembe ya mchanga ukiipitishia kitambaa inakuwa msasa.

Unaishika draya shubiri moja kutoka kwenye herufi, na mkono hautulii, unazunguka kama unapaka siagi. Baada ya nusu dakika hivi unaweka mgongo wa kiganja kwenye bati. Ukiweza kuhesabu hadi tano bila kuruka, joto liko sawa. Usipoweza, umezidisha, ngoja. Kisha unachokoza kona moja kwa ukucha, na si kwa kitu kingine.

Kona ya herufi ya pili, ile iliyoliwa na wembe, iliinuka kama ngozi ya maziwa. Nikaishika nikaanza kuivuta kuelekea kwangu. Mjomba akanigonga kiganja kwa kijiko cha chai. "Huling'oi jino. Ikunje, irudi ilikotoka." Nikaikunja, ikalala karibu juu ya mgongo wake yenyewe, nikaivuta taratibu huku draya ikipuliza pale pale mkunjo unapokutana na rangi. Hapo ndipo nilipoona gundi kwa mara ya kwanza: nyuzi nyembamba zikivutika kati ya stika na bati, kama sukari ya kashata kabla haijashika, zikirefuka, zikakatika moja moja. Nikiharakisha kidogo nyuzi zinapotea na herufi inakataa. Nikipunguza mwendo zinarudi. Baada ya herufi mbili nilikuwa nazifuata hizo nyuzi tu, na mjomba alikuwa amegeukia gazeti.

Si zote zilitoka kwa heshima. Plastiki ya stika ikikaa juani miaka hukauka, inakatika vipande kama ganda la yai. Hapo nilichukua kwanguo langu la plastiki, lile laini la kukomba bakuli la unga, nikalivika kitambaa chembamba na kulisukuma likiwa limelala. Kadi ya benki iliyokwisha muda nayo inafaa. Kisu cha jikoni nilikirudisha mwenyewe jikoni ili nisishawishike.

Kwenye herufi ya saba tokeni za umeme zikaisha. Draya ikanyamaza, na herufi ikabaki nusu imening'inia. Nikampigia simu mume wangu anunue, simu yake imezimwa. Nikanunua mwenyewe, ujumbe ukachelewa. Bati linapoa. Nilikuwa nimebakiza kijipande cha upana wa kidole tu na nikanyoosha mkono nikimalize hivyo hivyo. Mjomba, macho bado kwenye gazeti: "Uko wapi sasa?" Nikatazama. Nilikuwa juu ya pati, sentimita chache kutoka kwenye rangi ya kucha. Nikakaa chini nikangoja tokeni kama dakika 20, na hiyo herufi tukaianza upya tangu kupasha joto.

Namba ya simu ilinichosha kuliko jina. Tarakimu 10, ndogo, kila moja na kona zake.

Kufikia hapo nusu ya wapangaji wa ploti yetu walikuwa wameshuka kutoa ushauri. Thina, akasema mmoja. Wa pili akasema dawa ya kutolea rangi ya kucha, kwa kuwa ameiona kucha yenyewe. Mwingine aliapa kwa waya wa kusugulia sufuria na sabuni ya unga, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyewahi kufanya hivyo. Mjomba akawaambia thina kazi yake ni kuyeyusha rangi, ndiyo maana mafundi wanaipenda, na dawa ya kucha ni ndugu yake. Wakaondoka wakinung'unika.

Kile kidude cha plastiki chenye nembo kilikuwa kimebandikwa kwa utepe mnene wa sponji. Hapa nilimfundisha mjomba. Keki ya tabaka mimi huikata kwa uzi wa meno, naupitisha katikati nauvuta huku na huku kama msumeno. Nikakipasha kidude joto, nikaingiza uzi nyuma yake, nikasugua kushoto kulia hadi kikaniangukia mkononi. Sponji iliyobaki niliiviringisha kwa kidole gumba ikatoka vijitonge vijitonge. Mjomba alisema wao walitumia nailoni ya kuvulia samaki, lakini nilimwona akiutazama ule uzi. Ila nembo ya kiwanda usiianze hivyo kabla hujajua kama ina pini zilizoingia ndani ya bati.

Kilichobaki ni gundi: herufi zile zile, sasa zimeandikwa kwa utelezi unaokusanya vumbi. Nikapaka mafuta ya kupikia kwa pamba na kuyaacha tukanywa chai ya pili. Yalilainisha sehemu kubwa, nikafuta. Iliyobaki niliifuta kwa spiriti ya duka la dawa kwenye kitambaa laini, baada ya kuijaribu kwanza ukingoni ndani ya buti, mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka chekundu, hapo juu hakuna laka, ile ngozi angavu ya kuikinga rangi, unafuta rangi yenyewe, acha. Changu kilitoka na uchafu tu. Rangi ya kucha mjomba akasema tuiache, inazuia kutu.

Stika ya kioo nilidhani ndiyo rahisi, kioo si rangi. Nikachukua wembe na maji ya sabuni nikafungua buti ili niingilie ndani. Mjomba akanizuia tena. Ile mistari ya kahawia ya kuyeyusha ukungu imechapwa upande wa ndani wa kioo, wembe ukipita umeikata, na mstari ukikatika haupashi joto tena. Bahati nzuri stika ilikuwa nje. Ukiwa nje, wembe uliolazwa na maji mengi ya sabuni unafanya kazi safi. Kioo cha mbele sikukigusa: ile stika yenye namba ya usajili inakaa pale pale ilipo. Fremu za namba zilikuwa skrubu mbili mbili, basi.

Draya ilirudi saluni saa nane kasoro. Nikaliosha gari, nikasimama nyuma yake kulifurahia, na jina la yadi likanisimamia pale pale, karibu herufi zote, kwa wekundu mzito zaidi ya buti nzima.

Sikuwa nimebakiza chochote. Nilipitisha kidole, laini kabisa. Ni jua. Nyekundu haivumilii jua, na letu hapa ni la karibu na ikweta na mji wenyewe uko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Buti nzima ilikuwa imepauka taratibu bila mimi kujua, isipokuwa chini ya stika. Zile herufi ndizo zilizokuwa na rangi halisi ya gari langu. Kama ningezitoa wiki ya kwanza, zingekuwa hazijaacha kitu.

Nilienda Kirinyaga Road kununua polishi. Fundi mmoja hapo akaniahidi kuyafuta yale maandishi kabisa kwa mashine, nusu saa. Nilimpigia simu mjomba, akaniambia nimwulize kama ana kipimo cha unene wa rangi. Hakuwa nacho. Rangi ya kiwandani, tabaka zote kwa pamoja, ni kama maikroni 100 hadi 150, nywele moja na nusu au mbili za kichwani, na mashine inaila kila inapopita. Yangu ilikuwa ya gereji, na hakuna anayejua ilipigwa nene kiasi gani. Nikapiga polishi kwa mkono, mara mbili, wiki mbili zikiwa katikati, nikaacha. Herufi zimefifia. Adhuhuri huzioni. Jioni jua likiwa limelala upande wa Ngong, na ukijua pa kutazama, unaziona.

Na umande. Umande sikuwa nimeufikiria. Asubuhi nyingine natoka saa kumi na moja na nusu kupeleka maagizo, na buti yote imepata ukungu mweupe isipokuwa pale palipokuwa na maandishi. Matone ya hapo yanakaa tofauti, sijui ni mabaki ya gundi yaliyozama au ni nini. Jina linasomeka. Namba nayo inasomeka, isipokuwa tarakimu mbili za mwisho.

Juzi askari wa geti alikuja na tochi yake, akaimulika buti, akaisoma polepole kwa sauti.

"Mama Tumaini, hawa watu bado wanauza Demio? Shemeji yangu anatafuta. Ila hapa mwisho hapaonekani."

"Ni nne, saba," nikamwambia. Niliipiga miezi saba, siwezi kuisahau. "Lakini weka tochi chini kwanza, nikueleze habari ya logibuku."